Kukolea

Kitabu kinaliita kwa jina refu la Kizungu.
Mimi nawaambia: kukolea.
Kama chumvi kwenye kande,
kama majani ya chai asubuhi ya Julai
ukungu wa Meru ukiwa bado umelalia migomba.
Wanacheka. Kidato cha tatu wanaijua chai;
shule yetu ipo Maji ya Chai.

Leo mfano hatukuutoa kitabuni.
Ndekirwa Kaaya amekuja na maji ya kisima chao
katika chupa iliyokuwa ya soda,
meupe, yanang'aa, hayanuki.
"Mwalimu, haya hayana kitu."
Ndivyo yalivyotudanganya na sisi.

Mashine ilikuja kwa pikipiki kutoka Arusha mjini,
imeviringishwa kitenge kama mtoto mchanga,
ya kuazima, irudi kabla ya saa tisa.
Pallangyo wa maabara akapima mara tatu,
akafuta miwani, akapima ya nne,
akaandika ubaoni:
floraidi, miligramu tisa kwa lita.

Gawa kwa kumi na tisa, nikasema,
mpate milimoli.
Chaki ikalia. Sifuri nukta nne saba.
Kuna aliyesahau nukta
akatuua sote kwa hesabu,
nikamrudisha kwenye ubeti niliowatungia
usiku mmoja umeme ulipokatika:

*Uzito gawa ujazo, ndio ukolezo wake,*
*Kipimo kina mwongozo, kila namba jina lake,*
*Lita ndiyo kielezo, mililita zigeuke,*
*Maji hayana kificho, ila kwa asiyepima.*

Sasa swali la kumi.
Tunataka moja na nusu, tunayo tisa.
Debe moja la kisima, lita ishirini,
limebeba miligramu mia na themanini.
Huwezi kuzitoa kwa kuchemsha;
ukichemsha maji hupungua, zenyewe hubaki,
unakoleza ulichokikimbia.
(Hapo kimya kikaingia darasani.
Kila mmoja alimkumbuka mama yake
na sufuria juu ya mafiga,
akichemsha kwa upendo.)

Basi ongeza maji yasiyo nayo.
Mvua. Mvua haijapita kwenye mwamba wa Meru,
haijalamba majivu ya mlima.
Mia na themanini gawa kwa moja na nusu:
lita mia na ishirini.
Toa ishirini ulizoanza nazo.
Madebe matano ya mvua
kwa kila debe moja la kisima.

Jibu sahihi. Nikapigia mstari mara mbili.
Nikageuka, nikiwa nimefunika mdomo kwa kiganja,
kama ninavyofunika tangu nikiwa chuoni Moshi,
msichana wa kitanda cha juu aliponiuliza
navuta sigara aina gani.
Meno ya rangi ya kutu. Ya kaka yangu pia;
yeye na magoti yaliachana,
moja likatazama Usa, jingine Kikatiti.
Tuliambiwa ni ukoo.
Tuliambiwa ni kijicho cha jirani.
Hakuna aliyetuambia ni tisa.

Ndekirwa hakuwa akinakili.
Alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya dawati,
na midomo ikicheza:
watu saba nyumbani, ndama mmoja,
kiangazi miezi mitano, labda sita.
Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, bati letu ni jipya
lakini halina mfereji.
Mita moja ya mfereji ni shilingi ngapi?
Na simtanki lijae kwa mvua ngapi?"

Sikujua.
Pallangyo naye akatazama mashine yake.
Saa nane na dakika hamsini, pikipiki inaunguruma getini.

Swali hilo halimo kwenye silabasi.
Nikashusha kiganja mdomoni, nikachukua kipande cha chaki,
nikaliandika lilivyo, kwa maneno yake,
nikalipa namba:
kumi na moja.